Siku ya Kwanza ya Ibn Battuta Mogadishu

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii huelezwa mara nyingi kama sifa ya ukarimu. Insha hii inadai kwamba siku ya kwanza ya Ibn Battuta mjini Mogadishu, yapata mwaka 1331, inatuonyesha jambo zaidi: kumpokea mgeni kulikuwa utaratibu wa biashara na wa utawala.

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alifika kwa chombo kutoka Zeila baada ya safari ya siku 15. Kabla hajashuka, vijana wa mji walikuja kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alifikia kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kutupa, au akimuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilibatilishwa. Hivyo mgeni alikingwa asipunjwe katika soko asilolijua, na mwenyeji akapata riziki yake.

Kijana mmoja alimwendea Ibn Battuta pia. Alipoelezwa kuwa huyu si mfanyabiashara bali ni mwanazuoni wa sheria, aliwaambia wenzake kuwa ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Msafiri alitaka apate malazi kwanza, lakini aliambiwa kuwa kwa desturi ya mji, mwanazuoni, sharifu au mcha Mungu huenda kwa sultani kabla ya kutua mizigo. Huko alipewa tambuu kumi na popoo, akamwagiwa marashi ya waridi ya Dameski, kisha ikaamriwa alazwe katika nyumba ya wanafunzi. Akaletewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Sultani mwenyewe alikutana naye Ijumaa, siku ya nne.

Tukifuata hatua hizi tunaona kuwa mgeni alitambuliwa hadhi yake tangu akiwa chomboni. Mwenye bidhaa alikwenda kwa mwenyeji wa soko. Mwenye elimu alikwenda kwa kadhi na sultani. Utaratibu wenye kanuni kama hizi hauzuki kwa siku moja. Ni wa mji uliozoea kupokea wageni wengi, na uliojua faida yao.

Hata hivyo, lazima tumsome shahidi huyu kwa uangalifu. Kadhi aliyemwongoza alikuwa na asili ya Misri. Sultani alijua Kiarabu, lakini lugha yake ilikuwa ya Mogadishu. Ibn Battuta aliuona mji kupitia watu walioweza kuzungumza naye, tena wenye vyeo. Aliyeupika wali ule hatajwi. Isitoshe, masimulizi haya yaliandikwa na Ibn Juzayy zaidi ya miaka 20 baadaye.

Kwa kumalizia, sisi tunaosoma historia ya pwani tukiwa mbali nayo hupenda kutumia ukurasa huu kuthibitisha ustawi wa miji yake. Unathibitisha, lakini kwa upande wa waliopokewa. Je, baharia asiye na bidhaa wala elimu alipofika siku ileile, nani alimpelekea sahani? Msafiri wetu hakumtaja. Kazi ya kumtafuta baharia huyo, pamoja na yule aliyepika, ni yetu.