Mtumba Wangu wa Kilo 7

Begi nililipata Kongowea, upande wa mitumba, kwa bei ambayo mamangu hadi leo haamini. Jeusi, dogo, zipu mbili. Safari ilikuwa ya wiki moja tu, Muscat kupitia Addis Ababa, likizo yangu ya kwanza nje ya nchi, na nilikuwa nimeapa sitalipia mzigo hata shilingi. Mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kilo 7 mkononi. Zangu nilishazigawa: suruali mbili, shati nne, kanzu, ndara, chaja. Basi.

Mamangu akalitazama begi pale kitandani. "Wenda Muscat ama wenda Likoni?"

Kisha akaingia jikoni, akarudi na chupa mbili za achari ya embe, mfuko wa mabuyu na doti mbili za leso. "Mtukulie shangazi yako."

Nikapima. Kilo tatu na nusu. Nikamwambia, mama, haiwezekani, na hiyo achari hata wakaguzi hawataipitisha. Hakunijibu. Alivikunja vitu vyake akavirudisha jikoni, na mimi nikashuka kuchukua matatu nikijiona mshindi ambaye hana raha.

Makanga alikuwa anaita, "Kengeleni! Kengeleni!" Jina hilo tunalisikia kila siku hadi tumelizoea. Kengele yenyewe ipo, kwenye mnara wake pale Frere Town, na ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Mji huo mdogo ulianzishwa na misheni ya CMS mwaka wa 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi, na waliokutwa ndani wakaletwa hapa Kisauni. Ukizungumzia kusafiri bila mzigo, hao ndio walioshuka bila kitu. Wengine walikuwa watoto ambao hata jina la kijiji chao hawakuweza kulieleza. Wajukuu na vitukuu vyao bado wapo, tunawaita Wamisheni, na baadhi yao nimesoma nao.

Kati ya waliofanya kazi Frere Town miaka hiyo ya mwanzo kulikuwa na Jacob Wainwright. Alizaliwa Myao, akauzwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa India kwenye shule ya misheni karibu na Nasik. Mwaka wa 1872 aliajiriwa kwenye msafara wa kumpelekea David Livingstone watu na vitu. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake walifungua masanduku yake mbele ya kila mtu, ili baadaye asiwepo wa kusingiziwa wizi. Jacob, kwa vile alijua kuandika, akaorodhesha kila kilichomo.

Niliposoma habari hiyo nilicheka, manake na mimi nilikuwa na orodha kwenye simu. Yangu ilikuwa ya kuamua nini kibaki nyumbani. Yake ilikuwa ya kuhakikisha hakuna kitakachopotea.

Kisha wakaubeba mwili. Waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza kutembea kuelekea pwani wakiongozwa na Chuma na Susi. Walipofika Kasekera, baada ya kutoka Unyanyembe, wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Basi wakafunga matita ya vijiti yakafanana na maiti, wakayarudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa kawaida wa nguo.

Mtumba. Kabla neno hili halijawa shati la mtu wa Ulaya linalotundikwa Kongowea, lilikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa kamba, tayari kwa bega la mpagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na vyote vya mwenyewe. Vyake mpagazi, mkeka wake na posho yake, alivibandika juu ya hapo, kwa hivyo alilazimika kuwa na vichache.

Wale watu walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi kama tisa, na baadhi ya wenzao walikuwa wamefia njiani. Jacob aliendelea na meli hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza kuingia Westminster Abbey. Baadaye ndipo akaja Kisauni.

Nikafikiria pia msichana wa mtaani kwetu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Aliondoka na masanduku mawili, tukamsindikiza hadi uwanja wa ndege kule Changamwe, watu wamejaa kwenye gari. Alirudi baada ya mwaka na nusu na mkoba wa begani, basi, vilivyobaki vyote vimezuiliwa nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Siku hiyo hakuna aliyemsifu kwa kusafiri na mzigo mwepesi.

Video nyingi nilizotazama kuhusu kufunga begi zinakufundisha kukunja fulana kama sigara, kuvaa viatu vizito mwilini, kuhamishia krimu kwenye chupa za mililita 100. Yote yanafaa, nimeyafanya. Lakini zinachukulia kwamba ulichobeba ni chako peke yako. Huku kwetu anayepanda ndege hupewa vya watu, na hiyo ndiyo njia iliyotumika muda mrefu kabla simu haijaingia kumwambia aliye mbali kwamba hajasahaulika.

Usiku nilitoa shati mbili, suruali moja na ndara. Kanzu nikaamua kusafiri nayo mwilini. Nikaingia jikoni, nikachukua leso na mabuyu. Achari nikaiacha, sheria ni sheria. Mamangu aliniona, akaendelea kuosha vyombo. Kwenye mizani ya uwanja begi lilisoma kilo 6.8.

Shangazi yangu alizifungua leso kabla hajanikaribisha kukaa. Akasoma jina lake, akacheka, akajitanda moja papo hapo juu ya nguo alizokuwa nazo. Miaka kumi na moja hajafika Mombasa. Akala buyu moja, akanyamaza kidogo.

"Na achari?"

Nikaanza kumweleza habari za mililita 100. Akanitazama vile vile alivyonitazama mamangu.

Narudi Jumamosi. Tende zake, halua na dawa ya magoti ya mama vimeshapimwa: kilo 5. Shati zangu nazimwachia.