Nywele zinaponyonyoka kwa mabaka: Ipi tiba bora?

NYWELE zinaponyonyoka ghafla na kuacha kiraka cha mviringo chenye ngozi laini, wengi hukimbilia kinyozi au muuzaji dawa. Hapo ndipo makosa huanzia, kwani mabaka ya kichwani yana vyanzo kadhaa, na dawa inayotibu hiki huweza kuzidisha kile.

Maradhi yanayozungumziwa hapa huitwa alopesia areata. Huzuka pale mfumo wa kinga ya mwili unapogeuka na kushambulia mashina ya nywele. Hayaambukizi, wala hayatokani na uchafu au kurogwa. Takriban watu 2 kati ya 100 hupatwa nayo wakati fulani maishani, wake kwa waume, watoto kwa watu wazima.

Yasichanganywe na mashilingi, yaani choa cha kichwani, ambacho huwapata zaidi watoto. Choa huletwa na kuvu, huambukiza, huwasha, na ngozi hutoa magamba. Tiba yake ni vidonge vya kuua kuvu kama griseofulvini; dawa ya kupaka pekee haitoshi. Mzazi anayempaka mtoto mwenye choa krimu ya steroidi huipa kuvu nafasi ya kuenea.

Vilevile, nywele zinazopungua kwenye paji na kando ya masikio huenda zimeng'olewa na misuko iliyokazwa mno. Tiba ya kwanza ni kuilegeza mapema, kabla ngozi haijafanya kovu.

Kwa alopesia areata, njia ya kwanza ni kusubiri. Kwa kuwa mashina ya nywele hayafi, karibu nusu ya wagonjwa wenye mabaka machache huota nywele tena katika muda wa mwaka mmoja bila dawa yoyote. Hata hivyo, maradhi huweza kurejea.

Njia ya pili ni sindano za steroidi, hasa triamsinoloni, zinazodungwa ndani ya kiraka kila baada ya wiki 4 hadi 6. Hizi ndizo madaktari huchagua kwanza kwa mtu mzima mwenye mabaka machache. Huuma, na huweza kuacha vishimo katika ngozi. Kwa watoto, krimu kali ya steroidi hupendelewa, ingawa hufanya kazi polepole. Minoksidili, dawa ya kupaka, husaidia ikiambatanishwa na nyingine, lakini haizuii shambulizi lenyewe.

Nywele zikitoka kwa wingi, baadhi ya hospitali hupaka kemikali iitwayo difensiproni, inayoichokoza ngozi makusudi ili kuivuruga kinga isishambulie mashina ya nywele. Tiba hii huchukua miezi mingi na huleta mwasho.

Mageuzi makubwa yalikuja Juni 2022, Marekani ilipoidhinisha vidonge vya barisitinibu kwa watu wazima walioathirika vibaya. Ritlesitinibu ilifuata Juni 2023, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Katika majaribio mawili ya barisitinibu, wagonjwa 36 hadi 39 kati ya 100 waliopewa miligramu 4 kwa siku walikuwa na nywele katika asilimia 80 ya kichwa baada ya wiki 36. Miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, idadi hiyo haikufika 7.

Lakini vidonge hivyo ni ghali, hupunguza kinga ya mwili, na nywele huweza kutoka tena mgonjwa akiviacha. Ni sharti apimwe kifua kikuu kabla ya kuanza, jambo lenye uzito hapa nchini ambako maradhi hayo yangali tishio.

Kuhusu maji ya kitunguu, utafiti mmoja wa Iraki uliochapishwa 2002 ulionyesha matumaini, ila ulihusisha wagonjwa wasiofika 40. Hauwezi kuwa msingi wa kuacha tiba ya hospitali.

Kwa jumla, aliye na kiraka kimoja au viwili anaweza kusubiri au kudungwa sindano. Aliyepoteza nusu ya nywele au zaidi, ama nyusi, amwone daktari wa ngozi bila kukawia. Na mtoto akirejea kutoka shuleni na baka kichwani, apimwe kwanza ijulikane ni nini, kabla ya kupakwa chochote au kuchekwa na wenzake.