Tembo, Pombe na Mvinyo: Historia ya Vileo Katika Msamiati wa Kiswahili

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa katika shule zetu zote, na kila mwanafunzi anajua kwamba inamwonya mtu ambaye, akiisha kusifiwa, huiharibu kazi yake. Lakini nimewauliza wanafunzi wa chuo kikuu, mwaka baada ya mwaka, mgema ni nani, hulipataje tembo, na mnywaji hujuaje kwamba limetiwa maji. Walio wengi hunyamaza. Wako hata wanaodhani kwamba anayezungumziwa ni ndovu. Methali tunayo, lakini ujuzi ulioizaa umetutoka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ujuzi huo ulikuwa mpana, na kwamba ulihifadhiwa katika msamiati. Kiswahili, pamoja na lugha jirani zake, kilivitenganisha vileo kwa asili yake, kwa hatua ya kuchachuka kwake, na kwa mtu aliyekitengeneza. Katika karne ya 20 sheria na biashara ziliupunguza utengano huo hadi tukabakiwa na makundi mawili tu vinywani mwetu, yaani bia ya chupa na pombe ya kienyeji. Hoja yangu ni kwamba upungufu huo haukuidhuru lugha peke yake. Umechangia pia vifo vya watu.

Hapana budi niseme mapema kwamba simhimizi mtu yeyote kunywa. Wasomaji wengi wa jarida hili wamekatazwa kileo na dini zao, na wengine wamekikataa kwa hiari. Hata hivyo, kukijua kitu ni jambo moja na kukitumia ni jambo jingine. Waislamu wa mwambao, ambao hawakuruhusiwa kulewa, ndio waliotuhifadhia sehemu kubwa ya msamiati ninaouzungumzia.

I. Tembo na wakati wake

Tuanze na mgema. Yeye hupanda mnazi kwa kukanyaga vidato, yaani pengo ndogo zilizochongwa katika shina. Neno hilihili ndilo tulilolipandisha baadaye hadi shule za sekondari, tukasema kidato cha kwanza na kidato cha nne, bila kukumbuka mti uliotupa taswira hiyo. Akifika juu huchagua karara lisilopasuka bado, akalifunga kwa kamba ili lisifunguke, akalikata ncha kwa kotama, kisha akatungika kibuyu chini yake. Hurudi asubuhi na jioni kuchukua kilichotona na kulikata upya karara ili lisizibe. Karara linalogemwa halizai nazi. Kwa hiyo kila kibuyu cha tembo kina gharama yake, kwani mwenye mnazi ameamua kuzikosa nazi ambazo zingetoka hapo.

Maji yanayotona ni matamu na yana sukari nyingi. Chachu iliyomo hewani na kibuyuni huanza kazi mara moja, hata kabla mgema hajateremka. Hapa ndipo tunapouona werevu wa lugha. Maji hayo yakiwa bado mapya huitwa tembo tamu. Yakichemshwa papo hapo yakawa mazito, huwa ni asali ya tembo. Yakiachwa saa kadhaa huwa tembo kali, ambalo nguvu yake hukaribia ile ya bia ya kawaida. Yakiachwa siku zaidi huwa siki, ambayo hutiwa katika chakula. Mti ni mmoja na maji ni yaleyale, lakini majina ni manne, na kinachoyatenganisha ni moto na wakati. Wapishi wa mwambao walilitumia tembo pia mahali pa hamira, kuumulia unga. Ndiyo sababu hata nyumba ambayo mwenyewe hakuonja kileo maishani mwake iliweza kujua tembo la asubuhi linatofautianaje na la jana.

Kwa Wamijikenda kinywaji hiki huitwa uchi, na nafasi yake katika jamii ni kubwa zaidi. Hutolewa katika posa, katika matanga na katika mashauri ya wazee. Kadzama, yaani kipimo cha tembo wanachopewa wazee kama ada, huwa ni ushahidi kwamba jambo fulani lilisemwa na kukubaliwa mbele ya watu. Kabla ya kunywa, matone machache humwagwa chini kwa ajili ya koma, yaani mizimu ya waliotangulia. David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, alionyesha jinsi vijana waliojitajirisha kwa kununua minazi walivyopagawa na pepo waliowataka waishike dini ya Kiislamu. Kwa kuwa Uislamu unakataza ulevi, vijana hao waliondokewa na wajibu wa kunywa na kunywesha pamoja na wazee, na gharama zake zikapungua. Kwa hiyo kukataa tembo kulikuwa na maana ya kijamii sawa na kulinywa.

Nilipokuwa masomoni Uingereza nilialikwa mara moja mahali ambapo watu walionja divai na kujadiliana juu ya udongo wa shamba, upande wa kilima unaopigwa na jua na mwaka wa mavuno. Niliwastaajabia. Niliporejea nyumbani nilikwenda Kaloleni, na mzee mmoja akanionjesha vibuyu viwili. Nilipomwambia kwamba pombe yake ni nzuri, alinikatiza kwa upole: "Mwanangu, hii si pombe. Hili ni tembo, na hili la pili ni la mnazi wa bondeni." Nikaona haya. Nilisafiri maelfu ya maili kujifunza kwamba kinywaji kina mahali pake na wakati wake, ilhali somo hilo lilikuwapo mwendo mfupi tu kutoka Mombasa.

II. Nafaka na asali

Mzee yule hakukosea, kwani pombe, kwa maana yake ya asili, ni kileo cha nafaka. Msingi wake ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikaanikwa na kusagwa. Kuota huko huugeuza wanga kuwa sukari, na bila sukari chachu haina cha kula. Kinywaji kikiwa bado kitamu, kabla hakijalevya, huitwa togwa, na watoto huruhusiwa kukinywa. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi. Wazee waliizunguka nyungu moja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Katika kikao cha namna hiyo hapana asiyejulikana.

Muratina ya Wagikuyu ni habari nyingine. Hiyo hutokana na asali au maji ya miwa, na jina lake ni la tunda la mvungunya ambalo hukaushwa na kutumbukizwa ndani. Chachu hujificha katika nyuzi za tunda hilo, na tunda lililokwisha kutumika huanikwa na kuhifadhiwa kwa kazi ya siku nyingine. Hivyo Wagikuyu walikiita kinywaji kwa jina la chachu yake, kama watu wa pwani walivyolipa tembo majina kwa kuufuata wakati wake.

III. Maneno yaliyovuka bahari

Vileo vya kigeni navyo vilikuja na majina yao. Mvinyo tuliupata kwa Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593. Lakini neno hilo lilipokwisha kuwa letu, lilipanuka. Katika kamusi za zamani mvinyo si maji ya zabibu tu, bali ni kileo chochote kikali kilichoingia kwa merikebu. Baadaye likaja neno divai, lenye asili ya Kifaransa, likakita mizizi katika Biblia na katika ibada za Kikristo. Leo magazeti yameurudisha mvinyo kwenye zabibu, divai imebaki zaidi kanisani, na vijana wa Nairobi husema waini. Haya ni maneno matatu kwa kitu kimoja, nayo yanatuonyesha milango mitatu ambayo kitu hicho kiliingilia.

Bia nayo ni pombe, kwa kuwa ni ya kimea. Tofauti yake ni kwamba nafaka yake ni shayiri, kwamba hutiwa maua ya hopsi yanayoleta uchungu na kuzuia kuharibika, na kwamba huchujwa ikafungwa katika chupa. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka 1922, na ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 1923 George aliuawa na ndovu mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker kwa kumkumbuka. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuukosa mzaha wa historia hapa. Neno tembo lilikwisha kumaanisha kinywaji na mnyama pia, na sasa mnyama akawekwa juu ya chupa huku kinywaji cha jina hilo kikisukumwa pembeni.

IV. Sheria na jina moja

Kilisukumwaje? Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyakataza au kuyabana mataifa ya Ulaya kuwauzia Waafrika vileo vikali vilivyokenekwa katika eneo kubwa la bara hili, na mkataba wa 1919 ukalikaza sharti hilo. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikwenda mbali zaidi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwafrika hakuruhusiwa kunywa hata bia ya chupa. Vinywaji alivyotengeneza mwenyewe vilitiwa katika fungu moja la vileo vya wenyeji, nalo likawekewa leseni, faini na polisi. Jijini Nairobi, katika miaka ya 1920, wakuu wa mji walijitwalia haki ya pekee ya kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wa Pumwani, na wanawake waliopika majumbani mwao wakafanywa wahalifu. Kosa lao halikuwa ubaya wa pombe, kwa maana ileile ilikuwa halali ikiuzwa na mji.

Baada ya uhuru tuliurithi mtazamo huo. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku chang'aa. Chang'aa hukenekwa, na kwa hiyo ni tofauti kabisa na busaa au tembo. Lakini katika usemi wa kila siku, na mara nyingi katika msako wa polisi, zote zilikuwa pombe haramu. Sheria ya 2010 iliibatilisha ile ya 1980 na kuiruhusu chang'aa kwa masharti, ila desturi ya kuvichanganya vyote chini ya jina moja haikufutika.

Tumeona matokeo yake. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa kileo kilichotiwa methanoli. Mwaka 2014 makumi wengine walikufa katika sehemu mbalimbali za nchi. Methanoli haitambulikani kwa ulimi, kwa hiyo nisingedai kwamba mwonjaji hodari angeokoka. Kinga ya zamani haikuwa ulimi peke yake. Mnywaji alimjua mgema, na mara nyingine hata mnazi. Aliyekunywa busaa alimjua mama aliyekaanga unga. Jina la kinywaji lilibeba habari za asili yake, na mtengenezaji alijibu mbele ya watu. Kileo kilipolazimishwa kujificha, kilipoteza kwanza mtengenezaji wake anayejulikana, kisha kikapoteza jina, na mwisho kikapata jina la bei yake. Kilichowaua watu wa mwaka 2000 kiliitwa kumi kumi, yaani shilingi kumi kwa kipimo. Jina hilo halimwambii mnywaji lolote juu ya mti, nafaka, wakati wala mtu.

Turudi basi kwa mgema wetu. Methali inachukulia kwamba wanywaji wake watalitambua tembo lililotiwa maji, na kwamba watajua ni nani wa kumlaumu. Ilitungwa na watu waliojua walichokuwa wakinywa. Sisi walimu wa Kiswahili tunaweza angalau kuifundisha pamoja na kotama, karara na kibuyu, ili mwanafunzi ajue kwamba tembo, pombe na mvinyo ni vitu vitatu tofauti, na kwamba kila kimoja kina mtu aliyekitengeneza.