Historia ya Njia ya Oregon

Karibu na Guernsey, katika jimbo la Wyoming, Marekani, kuna mwamba uliolika ukawa mfereji wa kina cha karibu mita moja na nusu. Haukuchimbwa kwa sururu. Umeliwa na magurudumu, kwato za maksai na nyayo za watu, msimu baada ya msimu. Hapo ilipita Njia ya Oregon, njia ya wahamiaji waliokwenda Oregon, upande wa magharibi.

Asili yake ni mapito ya wenyeji waliokuwa wakivuka nyika na milima tangu kale. Mwaka 1812 Robert Stuart, mfanyabiashara wa manyoya, alipita South Pass, pengo pana katika Milima ya Rocky lenye mwinuko mpole. Bila pengo hilo gari lisingevuka. Mwaka 1836 Narcissa Whitman na Eliza Spalding, wake wa wamisionari, wakalivuka pamoja na waume zao, na habari ikaenea kwamba hata familia zaweza kufika.

Msafara mkuu uliondoka mwaka 1843 karibu na Independence, Missouri, wenye watu wapatao 1,000. Waliondoka majani yalipoota, maana maksai hula njiani. Mbele yao kulikuwa na kilomita zipatazo 3,200, mwendo wa takriban miezi mitano. Gari lilikuwa la mkulima tu: sanduku la mbao, turubai juu, na chini ndoo ya lami na mafuta ya mnyama ya kulainishia ekseli. Likijazwa unga, nyama ya chumvi na kahawa, halikubaki na nafasi ya abiria; wenye nguvu walitembea. Nyikani kusiko na miti, akina mama na watoto waliokota mavi makavu ya nyati, wakapikia.

Mwisho wa safari ulikuwa mgumu kuliko mwanzo. Katika maji makali ya mto Columbia, ndugu wawili, Jesse na Lindsay Applegate, kila mmoja alipoteza mtoto wa kiume. Uchungu huo uliwasukuma kutafuta njia ya kusini, wakaifungua mwaka 1846. Mwaka huohuo Samuel Barlow alifungua barabara ya kuzunguka Mlima Hood, watu wakaepuka mto kwa kulipa ushuru.

Si kila msafiri alipokewa. George Bush, mtu mweusi aliyefika mwaka 1844, alikuta sheria ya kuwakataza weusi wasikae Oregon, akaenda kuishi kaskazini mwa Columbia. Sheria ya mwaka 1850 iliwapa wanandoa wazungu ekari 640, ilhali ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe.

Wenyewe hao walilipa mapema. Mwaka 1847 surua, ugonjwa uliotoka kwa wageni, iliwaua wengi wa kabila la Wacayuse, watoto hasa. Baadhi yao wakamshuku Marcus Whitman, mume wa Narcissa, aliyekuwa daktari na mmisionari, wakamuua yeye, mkewe na watu wengine. Wasafiri nao waliandamwa: kuanzia mwaka 1849 kipindupindu kilijaza makaburi kandokando ya mto Platte.

Reli ya kuvuka bara ilipokamilika mwaka 1869, magari ya maksai yakapungua. Mwaka 1906 Ezra Meeker, aliyeipita njia hii mwaka 1852, alirudi nyuma kwa gari la maksai akiwa na miaka 75, akihimiza kila mji usimike jiwe la kumbukumbu kabla jembe halijafuta alama. Mwaka 1978 serikali iliitangaza kuwa njia ya kihistoria ya taifa.

Ninamheshimu mzee huyo. Lakini historia hii haikamiliki bila Oregon City, mji uliokuwa kikomo cha safari. Hapo ndipo Wacayuse watano walinyongwa mwaka 1850 kwa kifo cha Whitman, na walipozikwa hapajulikani hadi leo. Njia imepata mawe yake. Wao hawana hata jiwe la kaburi.