Fulana ya Ujiji: Nguo, Maumivu na Maneno Yaliyobaki

Mji wa Ujiji hutajwa katika vitabu vya historia kwa mambo mawili makubwa: biashara ya pembe na watumwa, na kukutana kwa Wazungu wawili chini ya mwembe. Kuna jambo la tatu ambalo wanahistoria wamelipita bila ya kulitazama, nalo ni nguo. Si joho wala kilemba, wala ile nguo iliyopimwa sokoni kwa mkono na kuhesabiwa kama fedha, bali nguo ya ndani, ile igusayo ngozi ya mtu aliyekaa na maumivu mwaka baada ya mwaka. Maadamu kila mtu huugua, na kila augaye huvaa, si haki jambo hili likaachwa nje ya tarehe ya mji ule.

Katika karne ya 19 nguo ndiyo iliyokuwa sarafu ya njia yote itokayo Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, hata ikafika ziwa Tanganyika. Kipimo kilikuwa mkono wa mtu, kutoka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, minane ni doti, na kitambaa kizima kisichokatwa ni jora. Kwa shuka na doti msafiri alinunua unga, alilipa hongo kwa watemi, alikodi mitumbwi, na, ole wake binadamu, alinunua binadamu. Nguo zenyewe zilikuwa nyingi kwa majina, lakini mbili zilitawala: kaniki, nyembamba iliyotiwa nili, kutoka Bara Hindi, na merikani, nzito isiyotiwa dawa ya weupe, iliyoshuka Unguja kutoka bandari ya Salem baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani; nayo ilipofika ziwani ilinunua watumwa wengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vilijaza nafasi, lakini jina la merikani halikuondoka.

Nguo hizo zilifungwa zikawa mtumba, mfano wa mto mrefu uliokazwa kwa kamba, uzito wake yapata ratili 70. Mtumba haukusafiri wenyewe. Ulikaa begani kwa mpagazi, Mnyamwezi aghalabu, kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa mwenye mali nguo ilikuwa utajiri. Kwa mpagazi ilikuwa uvimbe wa bega na maumivu ya shingo. Yeye mwenyewe alikwenda na kipande kiunoni, kilichonyeshewa na kukauka mwilini mwake, huku amebeba nguo ya kuvisha kijiji kizima.

Wenyeji wa pwani ya ziwa hawakungoja merikani ili kujisitiri. Walivaa ngozi za mbuzi zilizolainishwa, na mbugu, yaani nguo ya gome la mti, ambalo hubanduliwa, likaloweshwa, likapondwa kwa nyundo ya mti hata likanyumbuka. Kupondwa huko ndiko kulikoligeuza gome kuwa nguo. Mtu wa zamani alijua, kabla ya kuja duka lolote, kwamba mwili hauvai kitu mpaka kwanza kilainishwe.

Wageni waliofika Ujiji kutoka pwani walifika wagonjwa takriban wote. Richard Burton aliingia mji huo Februari 1858 akiwa amepooza miguu, na mwenzake Speke haoni vizuri kwa maradhi ya macho. Lakini aliyeacha habari iliyo wazi kabisa juu ya nguo na maumivu ni David Livingstone, na habari yenyewe ni maneno machache tu katikati ya daftari.

Mwanzoni mwa Januari 1869, kusini magharibi ya ziwa, mvua ilimlowesha Livingstone hata akapatwa na homa ya mapafu. Alikohoa mchana na usiku. Muhammad Bogharib, tajiri wa Kiarabu aliyekuwa na msafara wake katika nchi hizo, alimtengenezea kitanda cha kubebwa, akatafutiwa na mtu wa kumwumika kifuani. Livingstone aliandika kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kubebwa kwa ugonjwa. Ni wajibu kusema kuwa Bogharib huyo huyo alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mgonjwa wake alikuwa adui wa biashara hiyo. Mmoja alimhurumia mwenziwe, na mwingine aliupokea wema huo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutembea. Kitanda hicho, kila kilipotikisika njiani, kilimtonesha kifua.

Alifika Ujiji tarehe 14 Machi 1869, siku tano kabla ya kutimiza miaka 56. Alitarajia kukuta ghala. Katika jora 80 alizopelekewa, kila moja yadi 24, jora 62 zilikuwa zimeibwa. Msomaji akipiga hesabu atapata yadi 1,488, nazo ni doti 372. Dawa zake zilikuwa zimeachwa nyuma Unyanyembe, mwendo wa siku 13. Maziwa hayakupatikana, kwani ng'ombe walikuwa hawajazaa. Alinunua siagi, vyungu viwili vikubwa kwa pima mbili za nguo ya buluu, na unga uliokaa miaka minne, akafanya mkate. Alipata chai aliyotumiwa na rafiki kutoka Calcutta, na kahawa yake mwenyewe. Kisha akaandika kwamba chai na kahawa vilimfaa sana, lakini kilichomfaa zaidi ni flaneli aliyoivaa juu ya ngozi.

Neno hilo lastahili kutuliwa. Mtu huyu hana dawa, mapafu yake ni mabovu, mali yake imeibwa, na katika orodha ya vitu vilivyomrudishia uhai anakitanguliza kitambaa cha sufi kisichoonekana na mtu. Wala hakukosea. Machi ni mwezi wa mvua Ujiji, na usiku upepo wa ziwani huwa na baridi. Shati la pamba likishika jasho la homa hugandamana na mwili na kuupoza. Mgonjwa huamka akitetemeka ndani ya nguo iliyogeuka kuwa maji. Sufi hushika unyevu ndani ya nyuzi zake, na bado huacha hewa ya uvuguvugu baina yake na ngozi. Waingereza wa zama hizo waliishika imani hii hata wakapita mpaka. Waliamini mshipi wa flaneli tumboni huzuia kipindupindu, jambo ambalo si kweli. Hata hivyo, kwa mwenye kikohozi na homa ya usiku, faida ya flaneli haikuwa ya kubuni.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halikulisema hapo. Livingstone alikuwa na bawasiri iliyomtoa damu kwa miaka mingi. Aliporudi kwao Uingereza mwaka 1864 alishauriwa apasuliwe, akakataa. Maradhi ya namna hiyo hayatajwi barazani. Mwenye nayo hutembea na watu, akacheka nao, na kila hatua anajua mshono wa suruali yake ulipo. Kwa afya yake, tofauti baina ya kitambaa kikavu na kilicholowa, baina ya mshono laini na mshono mgumu, si anasa. Ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

Basi yeye aliyewahi kuwa mtoto wa kiwanda alilijua hilo kuliko wengi. Akiwa na umri wa miaka 10, huko Blantyre, Uskoti, aliajiriwa katika kiwanda cha pamba kuunganisha nyuzi zilizokatika, kuanzia saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku. Vidole vyake vilijifunza nyuzi kabla ya kujifunza kalamu.

Julai 1869 aliondoka Ujiji akavuka ziwa kwenda Manyema. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimweka ndani ya kibanda huko Kabambare kwa muda wa siku 80 hivi. Alisaga jiwe la malakiti juu ya jiwe jingine, akatia maji, akapaka kwa unyoya, kwani hakuwa na kingine. Kugusa kidonda kwa unyoya ni elimu ile ile ya flaneli: mwili uumwao hauombi kitu kikubwa, huomba kitu chepesi.

Aliporudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, alikuta Sherifu aliyekabidhiwa mali yake mpya ameiuza yote. Yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za ushanga zilikuwa zimegeuzwa pembe na watumwa. Sherifu huyo alisema alipiga ramli katika Msahafu, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekwishakufa. Hapa ndipo pana uchungu wa habari yote. Nguo iliyotakiwa kuusitiri na kuupoza mwili mmoja ilikuwa imenunua miili ya watu wengine, nao hawakubakiwa hata na kipande cha kuweka baina ya shingo na mti wa kongwa. Daftari limehifadhi maumivu ya aliyejua kuandika. Ya wale waliouzwa hayakupata daftari, ingawa bei yao ilihesabiwa kwa doti.

Si wote waliomtendea hivyo. Sayyid bin Majid, mmoja wa Waarabu wa mji, alimwendea faraghani akataka kuuza pembe zake mwenyewe ampe nguo. Livingstone alimshukuru, akamwambia angoje kwanza. Haikupita muda akafika Henry Morton Stanley na msafara wake, tarehe 10 Novemba 1871 kwa hesabu aliyoitangaza mwenyewe. Stanley aliuandikia ulimwengu nguo alizomwona nazo yule mzee: kofia ya rangi ya buluu yenye ukanda wa dhahabu uliofifia, kizibao chenye mikono myekundu, na suruali ya kijivu. Mavazi hayo yamechorwa na kuchongwa mara zisizohesabika. Hakuna aliyeuliza chini ya kizibao kulikuwa na nini.

Jibu limo katika daftari, kwa mwenye kulitafuta. Februari 1872, walipofika wote wawili Unyanyembe na kufungua mizigo iliyongoja huko, Livingstone aliandika kwa furaha kwamba binti yake Agnes amemletea mashati manne ya flaneli. Mtoto aliye umbali wa bahari na bara, kati ya yote yanayoweza kutiwa sandukuni, alichagua nguo ya kugusa ngozi ya baba yake. Alimjua.

Mashati hayo hayakumponya. Mwezi wa Aprili 1873 damu ilimtoka kwa wingi, akabebwa tena kwa kitanda, akafa mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake juani kwa siku 14, wakauzungushia nguo ya pamba, wakautia ndani ya gome la mti, wakashonea tanga juu yake, wakauchukua hata Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Pamba ndani, gome nje: nguo mbili za nchi ile, ya kuja na ya asili, zilikutana kwa mara ya mwisho juu ya mwili mmoja. Watu wa pwani, ambao humvika maiti wao sanda ya bafta nyeupe na kumkosha kwa mkono mwororo kana kwamba bado asikia, hawatashindwa kuelewa kazi ile ilifanywa kwa moyo gani.

Pembe zimekwisha, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 Ujiji ulipoteza ukuu wa bandari. Yaliyobaki ni maneno. Merikani imebaki kuwa jina la kitambaa. Mtumba, uliokuwa mzigo wa begani, umekuwa nguo kuukuu za ng'ambo zinazomwagwa juu ya turubai katika masoko ya Kigoma na nchi nzima. Na fulana, ivaliwayo leo na mvuvi wa dagaa na mtoto wa shule, ni ile ile flaneli. Iwe ilipita katika kinywa cha Mwingereza, au cha Mwarabu asemaye fanila, imeingia katika Kiswahili ikaacha sufi nyuma na kubakiza mahali pake, yaani juu ya ngozi.

Mahitaji nayo hayakuondoka. Wapo ziwani hivi leo wenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, wenye makovu ya kupasuliwa, wenye viungo vilivyovimba, wenye bawasiri wasiyoitaja. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa ajili ya afya. Na zile mpya za bei nafuu mara nyingi ni za nailoni, zenye mpira unaokata kiuno. Kwa hiyo mwenye maumivu hurudi kwenye elimu ya zamani. Huitwaa kanga iliyofuliwa hata maandishi yake yakafifia, akaikata, akampelekea fundi na kumwambia mshono ukae nje, na kiunoni atie kamba ya kulegeza badala ya mpira. Fundi asiyejua atashangaa. Fundi ajuaye hataulizia sababu, atapitisha kidole gumba juu ya mshono mara mbili kabla ya kumkabidhi.