Karabini, Gobori na Mkataba wa Brussels

Karabini ni bunduki ya kijeshi yenye mtutu mfupi. Asili yake ni silaha ya wapanda farasi, ambao bunduki ndefu ya askari wa miguu iliwaelemea. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871 ilikuwa na urefu wa sentimita 135 hivi. Karabini ya aina hiyo ilikuwa na mita moja tu. Zote mbili zilijazwa risasi kwa nyuma, mojamoja. Kwa hiyo askari aliweza kufyatua mara kadhaa kabla mwenye gobori hajamaliza kushindilia baruti mdomoni mwa mtutu wake.

Tofauti hiyo haikubaki kuwa jambo la ufundi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake yaliwekwa masharti kwamba bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye kibali. Bunduki za gumegume ziliweza kuruhusiwa katika baadhi ya sehemu. Kusudi lilikuwa jema, maana wateka watumwa walitegemea bunduki. Lakini sheria iliyomnyang'anya mteka watumwa silaha ilimnyang'anya pia yule aliyekuwa karibu kutawaliwa. Msomaji wa 1 Samweli 13 atawakumbuka Wafilisti, waliohakikisha kwamba Israeli haina mhunzi.

Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, askari wa Wajerumani walikuwa na Mauser na bombomu. Wananchi walikuwa na mikuki, magobori na maji ya dawa. Kanisa halikuwa mbali na mapambano hayo: mwezi Septemba misheni ya Yakobi, huko Ubena, iliposhambuliwa, mmisionari wa Berlin aliilinda kwa bunduki. Baadaye serikali iliteketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Kwa hiyo haitoshi kufundisha kwamba maji yalishindwa na risasi. Hatuna budi kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuwa na risasi hizo, na kwa sheria ipi. Mkataba wa Brussels unastahili sifa kwa vita vyake dhidi ya utumwa. Lakini mwanahistoria wa Kanisa autajapo, na ataje pia mikono iliyoachwa mitupu.