Kabla ya Reli Kulikuwa na Waya na Misumari Miwili: Pazia la Ngara na Biharamulo

Video zinazotamba mtandaoni siku hizi zinafanana: fundi anafunga reli darini, anapachika vipande vipana vya kitambaa, anasukuma kwa kidole kimoja na geto linageuka chumba na sebule. Kila paneli inatembea kwenye mfereji wake, ndiyo maana moja hujificha nyuma ya nyingine, na chini kuna ukanda mzito wa kuizuia isipepee. (Fundi asiyetafuta mbao ya dari ilipo kabla ya kutoboa, ataitwa tena wiki hiyohiyo.) Halafu kwenye maoni watu wanaandika, "Haya mambo ya Ulaya bana!"

Nusu kweli. Kilicho kipya ni reli. Kugawa nyumba kwa nguo, Kagera wamefanya muda mrefu.

Kwenye nyumba za msonge za ukanda wa Maziwa Makuu, ndani kulitengwa kwa matete yaliyosukwa. Nguo ya gome la mti nayo ilikuwa pazia: kule Kasubi, Uganda, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ndiyo inayoficha sehemu takatifu.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu wakahamishiwa vijijini, na nyumba za pembe nne zikazidi kuichukua nafasi ya msonge. Nyumba ya pembe nne ina vyumba, na kila chumba kinataka mlango. Mbao ni hela! Basi mbao ikaenda mlango wa nje, ndani ikawa waya, misumari miwili na kanga iliyoshonwa upindo juu ili waya upite. Inasukumwa, inavutwa, kazi imeisha. Tatizo ni moja tu, waya hulegea katikati, na mwenye nyumba anaukaza tena na tena.

Ila pazia lilipimwa kwelikweli mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, karibu watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Kambi ya Benaco ikawa mji wa maturubai. Chini ya turubai moja wanalala baba, mama, binti aliyevunja ungo, pengine na mkwe. Mtu ameacha nyumba, ng'ombe na shamba, sasa hana hata pa kubadilishia nguo. Katika hali hiyo kitenge kilichofungwa kwenye kamba si urembo hata kidogo. Ndicho kinachomwezesha mama kuoga na baba mkwe kubaki baba mkwe.

Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996. Warundi waliendelea kuishi Lukole, hukohuko Ngara, kwa miaka mingine mingi, na watoto waliozaliwa kambini walikulia kwenye vyumba ambavyo kuta zake ungeweza kuzifua.

Leo madukani bomba la pazia na ringi zake zipo, na mwenye hela anafunga reli. Lakini nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo bado zina mlango wa mbao au chuma mbele, na pazia chumbani. Likishavutwa, hakuna pa kugonga. Hodi inapigwa kwa mdomo, na mgeni anasubiri palepale mpaka aitikiwe.